Muulize Mama Fundi: Mama hataki kamera, mlinzi hataki saa

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu vifaa vya kuvaa: saa janja, bangili, vidude vya shingoni, hata kamera za kubandika kifuani. Wenye simu zilizoingia maji nawaomba mvumilie hadi toleo lijalo, na jamani, toeni hizo simu kwenye mchele.

Shikamoo Mama Fundi. Nyumbani kwetu ni Muheza, mimi nafanya kazi Dar. Mama yetu ana miaka 74 na anaishi na mjukuu anayesoma, kwa hiyo mchana kutwa yuko peke yake. Mwaka huu ameanguka mara mbili. Mara ya pili jirani alimkuta chini nyuma ya jiko, na mwenyewe hajui alilala pale muda gani. Kaka yetu mkubwa aliyeko Muscat ametuma hela ya kamera tatu: sebuleni, jikoni na chumbani. Mama amekataa katakata, anasema hawezi kubadilisha kanga huku wanawe wanamtazama. Kaka amekasirika, anasema tunacheza na maisha ya mama. Hakuna kifaa cha kuvaa kitakachotuambia yuko salama bila kumpiga picha? — Mtoto wa tatu

Marahaba mwanangu. Kipo, na mama yako ana haki. Mwambie kaka nimesema mimi, kama hiyo itasaidia.

Ninyi mnataka kujua mambo mawili tu: je, ameanguka, na je, leo ameamka na anatembea. Kamera itawajibu hayo mawili, halafu itawaletea na yasiyowahusu: kavaa nini, kaja nani, kamsema mkwe yupi. Isitoshe, kamera nyingi za bei rahisi zinazoangaliwa kwa simu hazipeleki picha moja kwa moja kutoka Muheza kwenda Muscat. Zinapita kwenye seva za mtengenezaji, mbali na mama na mbali na kaka. Mteja akiniuliza anunue kipi, huwa namwambia atafute kifaa kijinga kuliko vyote kinachoweza kujibu swali lake.

Kwa habari ya kuanguka, kifaa hicho kina ndani yake kipima mchapuko, yaani kihisi cha mwendo unaobadilika ghafla. Nikifungua saa hapa mezani, kipima mchapuko ni kidude cheusi cha mraba, upande mmoja milimita mbili au tatu, kimejificha kando ya betri. Ndani yake kuna kipande cha silikoni kinachoning'inia kwenye springi ambazo jicho haliwezi kuziona. Ukisogeza mkono, kile kipande kinachelewa kidogo, na umeme unapima kimechelewa kiasi gani, kwa pande tatu: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Kazi yake inaishia hapo. Hakioni wala hakisikii.

Mtu akianguka, kwa muda usiofika nusu sekunde kipimo kinashuka kuelekea sifuri, kwa sababu mwili na kifaa vinashuka pamoja. Halafu kinakuja kishindo. Halafu kimya, kwa kuwa aliyeanguka hajainuka. Kifaa kinatafuta mambo hayo matatu kwa kufuatana. Vingine vimeongezewa kipima mgandamizo wa hewa ili kujua kama aliyevaa ameshuka karibu na sakafu.

Sasa sikiliza jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Majaribio mengi ya kuvifundisha vifaa hivi hufanywa na vijana wanaojiangusha kwenye magodoro, maana nani atamwomba bibi wa miaka 74 ajibwage chini ili kompyuta ijifunze? Na hao vijana hawatwangi. Mama yako akishika mchi, mkono unapanda, unashuka kwa kasi, unagonga kinu, na kwa saa iliyo mkononi kila pigo ni kishindo. Kifaa kizuri kinangoja kile kimya cha mwisho, na kisipokuja kinaachana na habari hiyo. Kifaa hafifu kitawapigia simu ndugu wote kila anapotwanga kisamvu, na baada ya wiki mbili hakuna atakayekijali tena. Kuna na upande wa pili: mzee anayeteleza huku ameshika ukuta hashuki kwa ghafla, na kifaa kinaweza kisimwone kabisa. Ndiyo maana nataka kiwe na kitufe kikubwa anachoweza kukibonyeza mwenyewe.

Kwa hiyo mchukulieni cha kuvaa shingoni, kikae ndani ya dira, badala ya saa. Kifua hakitwangi. Mama akienda sijida, kifua kinashuka taratibu bila kishindo. Kiwe hakiingii maji, kwa sababu bafuni ndiko wazee wanakoteleza, na kifaa kinachotundikwa msumarini kila anapooga hakina faida.

Ukifika dukani, muulize muuzaji: nikikata intaneti, bado kitatambua mtu akianguka? Akisema ndiyo, mwambie akuonyeshe. Maana yake uamuzi unafanyika ndani ya kifaa chenyewe, na kinachotoka ni ujumbe mmoja mfupi wa laini ya simu. Akisema hapana, basi kila msogeo wa mama unasafirishwa kwenda kuhukumiwa kwingine. Achana nacho.

Halafu kagua jambo ambalo wengi hawalijui. Vingi vya shingoni vina simu ndani, na kwenye mipangilio kuna sehemu ya kujipokea chenyewe. Yaani wewe uko Dar, unapiga, kifaa kinapokea bila mama kugusa kitu, na unasikia yote yanayosemwa sebuleni. Kwa dharura inafaa. Siku za kawaida ni kusikiliza mlangoni. Izimeni, au iwekeni ifanye kazi baada ya kitufe kubonyezwa tu, na mama aambiwe wazi kwamba kitu hicho kipo. Na GPS vilevile: mama akiwa nyumbani kwake hamhitaji ramani ya kumtafutia.

Msije mkadhani kifaa kisicho na jicho hakijui kitu, lakini. Ukikusanya msogeo wa mtu kwa siku chache unajua analala saa ngapi na anatoka nje mara ngapi usiku. Wahadza wa kando ya Ziwa Eyasi, hapa hapa kwetu, walivaa mkononi vipima msogeo vya namna hii, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017: watu wazima 33, siku 20, na kwa muda wote huo dakika ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Karibu muda wote kulikuwa na mtu macho. Ni habari nzuri mno, na ilipatikana bila kamera kuingia kwenye kibanda cha mtu. Lakini fikiria ingekuwa ni mama yako peke yake, na grafu ya usiku wake inasomwa na wakwe kwenye kundi la familia la WhatsApp. Ombeni ujumbe mmoja wa asubuhi, "ameamka, anatembea", na chati zifungwe.

La mwisho kwako: ujumbe wa kuanguka uende kwanza kwa yule jirani aliyemkuta nyuma ya jiko. Kaka akipata habari Muscat, atafanya nini zaidi ya kumpigia jirani huyo huyo?

Habari ya kazi Mama. Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye ghala, Nairobi. Kampuni yetu imetuvisha saa zinazosoma mapigo ya moyo. Ukisinzia, msimamizi anapata ujumbe. Tuliletewa karatasi tukaambiwa weka sahihi au rudisha sare. Na tumeagizwa tusivue hata tukiwa nyumbani. Hii ni halali? — Askari wa usiku

Pole, kaka. Mimi ni fundi, si wakili, lakini hili Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 imelisema kwa lugha inayoeleweka. Mapigo ya moyo ni habari za afya yako, na habari za afya zina ulinzi wa ziada. Ridhaa inatakiwa itolewe kwa hiari, na "weka sahihi au rudisha sare" si hiari kwa lugha yoyote niijuayo. Kampuni inaweza kuja na sababu nyingine, iseme inalinda mali ya mteja. Sawa, lakini sheria inataka ikusanye kile tu kinachohitajika kwa kazi hiyo. Usingizi wako kitandani kwako, ukiwa na mkeo, unalinda ghala gani?

Waandikie, wewe na wenzako kwa pamoja, barua yenye tarehe. Ulizeni saa inarekodi nini hasa, rekodi zinakaa wapi na kwa muda gani, nani anaziona, na ombeni nakala za zenu. Una haki ya kuziona. Wakinyamaza, pelekeni lalamiko Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Sheria inaipa ofisi hiyo siku 90 za kuchunguza lalamiko na kulimaliza.

Sasa niseme kama fundi. Geuza hiyo saa uone taa ya kijani kwa chini. Mwanga huo unaingia kwenye ngozi, damu inaumeza kwa wingi zaidi kila moyo unaposukuma, na kihisi kinahesabu mwanga unaorudi. Ngozi yenye weusi mwingi nayo inaumeza, kwa hiyo kinachorudi ni kichache, na saa ikilegea mkononi ndiyo kabisa. Kutoka kwenye namba hizo na utulivu wa mkono, saa inabashiri kuwa umelala. Inabashiri tu. Mlinzi aliyetulia kwenye kiti akitazama geti na mlinzi anayesinzia wanakaribia kufanana machoni pake. Siku msimamizi akikukata mshahara kwa ushahidi huo, muulize kama aliwahi kuipima hiyo saa kwa mtu aliye macho.

Na kama shida yao kweli ni doria, vipo vituo vya kugusa vinavyofungwa ukutani: unapita, unagusa kwa kijiti, kinaandika kwamba saa tisa usiku ulikuwa ukuta wa nyuma. Kuhusu moyo wako hakijui lolote. Pendekezeni hicho.

Shikamoo Mama. Nasoma shahada ya uzamili Morogoro. Utafiti wangu unahusu saa za kazi za wanawake wanaolima mpunga. Ukiwauliza wanasema "nashinda nafanya kazi", huwezi kupata namba. Msimamizi wangu anataka tuwavalishe kamera ndogo kifuani inayopiga picha yenyewe kila baada ya muda mfupi. Nina mashaka. — Mwanafunzi

Marahaba. Mashaka yako ni mazuri, yashike.

Kamera ya kifuani haimpigi picha mwanamke aliyeivaa, yeye ndiye mtu pekee isiyemwona. Inawapiga wenzake: anayenyonyesha kivulini, mtoto anayeoga mtoni, mwenyekiti wa kitongoji aliyepita kuomba mchango. Hakuna hata mmoja aliyetia sahihi kwenye fomu yako. Na akifungua simu kutuma hela, kamera inatazama vidole vikibonyeza namba ya siri.

Wenzenu wa huko nje walishalipitia hili. Mwaka 2013 watafiti wanaotumia kamera za namna hiyo walichapisha mwongozo wa maadili, na jambo ninalolipenda humo ni kwamba mshiriki anaziangalia picha zake kwanza, peke yake, na kufuta azitakazo kabla mtafiti hajaona hata moja. Baadaye kidogo, kati ya 2014 na 2016, watu 151 wa eneo la Oxford, Uingereza, walivaa kipima mchapuko mkononi na kamera kwa pamoja kwa takriban siku moja. Picha zilitumika kuandika kila dakika ilikuwa ya shughuli gani. Kisha data ilipowekwa wazi kwa watafiti wengine, ilitoka misogeo na majina ya shughuli. Picha zikabaki ndani. Msimamizi wako akitaka mfano, mpe huo, umwonyeshe kwamba kamera ilikuwa mwalimu wa muda tu.

Kwako ningefanya hivi. Wavalishe wote vipima mchapuko vya mkononi, visivyo na kioo wala laini. Vinakaa na chaji kwa wiki. Uingereza watu zaidi ya laki moja walivaa vya aina hiyo siku 7, vikipima mara 100 kila sekunde. Mwalimu wa vifaa vyako awe wewe mwenyewe: keti na kaya chache zilizokubali, kutwa nzima, na daftari lenye saa. Hutaweza kukwepa, kwa sababu mkono unaopalilia na mkono unaofua unaweza kutoa mawimbi yanayofanana, na hakuna kifaa cha Oxford kilichowahi kupandikiza mpunga. Tena kuna kazi ambayo mkono hauisemi kabisa. Mama aliyekaa usiku kucha kando ya mtoto mwenye homa, kifaa kitamwandika kuwa amepumzika. Hiyo uiulize kwa mdomo.

Halafu kuna majina. Kuyafuta na kuweka namba hakutoshi. Utafiti mmoja wa mwaka 2013 ulichunguza nyendo za simu za watu milioni 1.5 na kukuta kwamba ukijua mahali na saa mara nne tu, unaweza kuwatofautisha asilimia 95 ya watu hao, kila mmoja na wengine wote. Hao walikuwa milioni na nusu. Kijijini kwako mnajuana kwa mwendo. "Mwanamke namba 12, mjane, anaondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda upande wa mtoni" — hata mtoto wa darasa la pili atakutajia jina. Kwa hiyo usichukue GPS. Andika "nyumbani", "shambani", "kisimani", "sokoni". Saa zikusanye kwa vipande vya nusu saa. Orodha ya majina na namba iwe kwenye karatasi, ndani ya kabati lenye ufunguo, si kwenye kompyuta ile ile.

Na tangu Mei 2023 Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, nayo haimwachi mtafiti afanye atakavyo. Isome kabla hujaandika fomu ya ridhaa. Fomu yenyewe isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili cha pale, na mtu aambiwe anaweza kuvua kifaa saa yoyote bila kutoa sababu. Siku ya ngoma, siku ya msiba, siku ambayo hajisikii tu.

Mama Fundi, mimi ni mdada wa Njiro, Arusha, najiandaa na mbio za Kilimanjaro. Nakimbia alfajiri na saa, halafu naweka ramani kwenye Strava, ile programu ya wakimbiaji, ili marafiki waone. Mume wangu ananikataza, anasema najianika. Anazidisha? — Mkimbiaji

Hazidishi. Ramani yako inaanzia getini kwako na inaishia getini kwako, kila siku, na saa imeandikwa. Mtu asiyekujua ana anwani na ratiba.

Novemba 2017 Strava walitoa ramani ya dunia ya nyendo za watumiaji wao, bila jina hata moja, wakaona wamefanya jambo zuri. Januari 2018 kijana wa chuo huko Australia, Nathan Ruser, akatazama sehemu za jangwa la Syria na Afghanistan akaona vijistari vinang'aa gizani. Walikuwa askari wa kigeni, wanakimbia kuzunguka kambi zao huku wamevaa saa. Kambi za jeshi! Wewe na geti la bati mtajifichaje?

Huna haja ya kuacha. Ingia kwenye mipangilio ya faragha, ficha mwanzo na mwisho wa njia, waruhusu wafuasi unaowajua tu, na ujitoe kwenye ramani ya jumla. Weka mazoezi mtandaoni jioni, si ukiwa bado barabarani. Na badilisha njia mara kwa mara, hilo hata bila saa ningekwambia.

Mama, mume wangu ana saa janja. Anasema yuko kazini hadi usiku. Je, ukiifungua saa unaweza kujua alikuwa wapi? — Nina hamu ya kujua, Tandika

Naweza. Sitafanya. Mwanangu, muulize mumeo.

Nimenunua saa janja ya mtumba Kariakoo. Nikiiwasha inaonyesha jina la mtu mwingine na hatua zake za mwezi uliopita. Nifanyeje? — Abuu

Usizisome. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya kufuta kila kitu irudi kama ilivyotoka kiwandani. Ikikudai nywila ya mwenyewe wa zamani, bado imefungwa kwenye akaunti yake, na hapo rudi kwa aliyekuuzia: ama amtafute mwenyewe aitoe kwenye akaunti, ama akurudishie hela. Akisita sana kumtafuta mwenyewe, jiulize saa ilitoka wapi. Watu wananiletea hizo niwavunjie kufuli, na wanaondoka nazo zikiwa zimefungwa vilevile.

Na wewe siku ukiiuza, anza kwenye simu: itoe saa kwenye programu yake na kwenye Bluetooth, kisha futa saa yenyewe, kisha ingia kwenye akaunti mtandaoni ufute rekodi za zamani. Wengi wanafanya hilo la katikati tu, na usingizi wao wa miaka miwili unabaki kwenye seva.